Ufunguo Uliomo Ndani ya Haragwe

Watu wengi hulieleza jina la Sumbawanga kwa maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi. Mgeni apandaye kutoka Bonde la Rukwa, au kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, huambiwa kwamba hapa ndipo penye lango: ukija na uchawi wako, utupe kabla hujaingia. Hatuna haja ya kubishana juu ya asili ya jina hilo. Lakini twaona kwamba lafaa kuanzia habari hii, kwa sababu habari yenyewe ni ya sumu itokayo katika chakula, ya watu waliotiliana shaka kwa ajili yake, na ya kitu kidogo sana kilichomo ndani ya mbegu za jamii ya mikunde, ambacho wataalamu walijifunza kukitoa, wakakifanya shahidi.

Sisi tukaao juu ya uwanda huu twajua maharage tangu utoto. Wazee wa Ufipa walikuwa na ukulima wao wa namna ya peke yake. Mvua zilipokaribia kwisha, walipindua majani pamoja na udongo wakafanya vichuguu vya mviringo, na juu ya vichuguu wakapanda maharage. Majani yalioza ndani polepole. Mvua za pili zilipokuja, vichuguu vilisambazwa, na ulezi ukapandwa mahali pale. Hivyo mkulima asiye na zizi la ng'ombe wala fedha ya kununulia mbolea aliweza kuilisha ardhi yake. Na haragwe halikuwa mgeni wa kukaa tu juu ya kichuguu. Katika mizizi yake mna vinundu, na ndani ya vinundu mna bakteria ambao huichukua naitrojeni ya hewa na kuifanya chakula cha mmea. Kwa chakula hicho haragwe hujenga protini nyingi kuliko nafaka yo yote. Ndiyo maana maskini wa dunia nzima huliita nyama yake.

Lakini mmea wenye hazina kubwa hauwezi kuiacha wazi. Ng'ombe ana pembe, mbwa ana meno. Haragwe halina miguu ya kukimbilia. Basi hujilinda kwa sumu. Maharage mekundu yakiliwa mabichi, hata manne au matano tu, yaweza kumtapisha mtu mzima. Sumu hiyo ni protini iitwayo lektini, nayo huharibika kwa kuchemka sana, wala si kwa kupata joto kidogo. Maharage yaliyopashwa moto bila kuchemka yaweza kuwa mabaya kuliko yaliyo mabichi kabisa. Na hapa kwetu liko neno moja la kuangaliwa. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa namna hiyo maji huchemka yakiwa na joto la digrii 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kwa hiyo mama wa Ufipa aloweka maharage usiku kucha, akamwaga maji yale, kisha akayaacha yatokote saa nyingi motoni, hakuwa mpotevu wa kuni. Alikuwa akilipa deni la kimo cha nchi yake.

Jamii hii ya mikunde ni kubwa ajabu. Ndani yake wamo kunde, choroko, mbaazi, karanga, njugu mawe, fiwi na soya. Tena imo miti mikubwa ya msituni. Mmoja wa miti hiyo ni mwavi. Wasomaji wetu walio wazee wamesikia habari zake. Katika nchi nyingi zilizo karibu na Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, mtu aliyeshtakiwa uchawi alinyweshwa maji ya gome la mti huo. Akitapika, watu walisema hana hatia. Akifa, walisema sumu imemfichua. Sumu ya mwavi hushika moyo wa mtu, wala haina macho ya kumwona mchawi. Aliyepona alipona kwa sababu tumbo lake liliitupa mapema. Basi twaona jambo la kusikitisha: ndugu wa haragwe alifanywa hakimu, na hukumu yake ilikuwa kifo cha watu wengi wasio na kosa. Katika jamii ile ile ya mimea ndimo alimotoka baadaye shahidi wa namna nyingine.

Ili tumwelewe shahidi huyo, turudi jikoni. Kina mama wa Ufipa watakapo kutengeneza pombe, huloweka ulezi, huufunika mpaka uchipue, huuanika, kisha huusaga. Unga huo wa kimea ukitiwa katika uji mzito wenye uvuguvugu, uji huwa mwepesi, nao huwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Ni nani aliyeulainisha uji? Wazee walijibu kwamba kimea kina nguvu, na jibu hilo lilikuwa kweli, ila nguvu hiyo haikuwa na jina. Mwaka 1833 huko Paris, Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walichukua kimea cha shayiri wakakiloweka katika maji. Maji yale wakayachuja, wakayatia kileo kikali. Chini ya chombo pakakaa unga mweupe. Kidogo tu cha unga ule kiliweza kugeuza wanga mwingi kuwa sukari. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nguvu ya mbegu kutolewa nje ya mbegu na kuwekwa katika chupa.

Kitu cha namna hiyo leo chaitwa kimeng'enya, na jina lake ni zuri, kwa kuwa kumeng'enya ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo. Kila kimeng'enya kina kazi yake moja, kama ufunguo na kufuli lake. Hufungua, huachilia, huenda kufungua tena, wala chenyewe hakiliwi na kazi. (Tuseme kwa kupita kwamba kimea hakikuishia katika mitungi ya pombe. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania waliwafundisha akina mama kukitia kidogo katika uji wa watoto, ili uji mzito wenye chakula kingi umezeke kwa urahisi.)

Hata hivyo kwa muda wa karibu miaka 100 hakuna aliyejua kimeng'enya ni kitu gani hasa. Wengine walisema ni nguvu tu, kama joto au mwanga, isiyo na mwili wake. Wengine walisema kina mwili, lakini si protini. Aliyekata shauri hilo ni Mwamerika mwenye mkono mmoja, na aliyemsaidia ni haragwe.

Jina lake James Sumner, alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alikwenda kuwinda na mwenziwe, akapigwa risasi kwa bahati mbaya, na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Naye alikuwa mtu wa kutumia mkono wa kushoto. Alijifunza upya kuandika, kushika chupa, hata kucheza tenisi kwa mkono wa kulia. Alipokwenda kwa mwalimu wake wa kemia huko Harvard, profesa mwenye jina kubwa, aliambiwa kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi kufaulu katika kazi hii, afadhali asome sheria. Hakusoma sheria. Alipata shahada yake mwaka 1914, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cornell mjini Ithaca.

Mwaka 1917 Sumner alianza kukitafuta kimeng'enya kiitwacho ureasi. Kazi ya ureasi ni kuivunja urea, ile iliyomo katika mkojo, na ile ile ambayo wakulima wa Rukwa huinunua katika mifuko ya mbolea. Urea ikivunjwa hutoa amonia, yenye harufu kali inayochoma pua, kama harufu ya zizi lililofungwa usiku kucha. Mjapani mmoja, Takeuchi, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1909 kwamba ureasi imo katika soya. Sumner alichagua haragwe jingine lenye ureasi nyingi zaidi: haragwe kubwa jeupe la nchi za joto, ambalo ganda lake ni refu kama upanga, na ambalo wakulima hulipanda zaidi kwa kurutubisha ardhi na kulisha wanyama kuliko kwa kula.

Alisaga maharage hayo, akauloweka unga katika maji, katika kileo, katika dawa hii na hii, akachuja, akaganda, akatupa. Mwaka baada ya mwaka alipata maji yenye nguvu, lakini hakupata kitu safi. Maabara yake ilikuwa ya kimaskini. Hakuwa na sanduku la barafu, basi usiku chupa ziliwekwa nje ya dirisha, na watu wakangoja baridi ije. Wasomaji wetu wajuao usiku wa mwezi wa Juni katika uwanda huu wataelewa kwamba baridi ni mfanyakazi mwema asiyedai mshahara. Wenziwe walimshauri aache. Hakuwa na fedha nyingi wala wasaidizi wengi, na masomo ya kufundisha yalimla siku zake.

Hata mwaka 1926 aliuloweka unga wa haragwe katika maji yaliyochanganywa na asetoni, kiasi cha theluthi moja hivi, akayaacha yachuje katika baridi. Asubuhi alitazama tone moja katika hadubini, akaona fuwele ndogo ndogo ambazo hajapata kuziona. Alizikusanya, akaziyeyusha katika maji, akajaribu juu ya urea. Nguvu ya ureasi ilikuwa ndani yake kwa wingi usiopata kuonekana. Akazipima: zilikuwa protini. Basi kimeng'enya kilikuwa na mwili, na mwili wake ulikuwa wa asili moja na nyama, yai, na haragwe lenyewe.

Wengi hawakumsadiki. Huko Ujerumani alikuwako Richard Willstätter, mkemia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel, naye na wanafunzi wake walishikilia kwamba vimeng'enya si protini, na kwamba mtu huyo wa Ithaca amechanganya mzigo na mpagazi. Mabishano yalidumu miaka kadhaa. Mwaka 1930 Mwamerika mwingine, John Northrop, alipata fuwele za kimeng'enya cha tumbo kiitwacho pepsini, nazo pia zilikuwa protini. Upinzani ukapungua kidogo kidogo. Mwaka 1946 Sumner alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Nusu ya pili waligawana Northrop na Wendell Stanley.

Jambo moja lasahauliwa mara nyingi, nasi twalipenda kuliko tuzo. Katika haragwe lile lile Sumner alikuwa amepata fuwele za protini nyingine mwaka 1919, na mwaka 1936 alionyesha kwamba protini hiyo hugandisha chembe nyekundu za damu. Hiyo ni lektini, ndugu wa ile iliyomo katika maharage mekundu yasiyochemka. Sumu na ufunguo vilitoka katika mfuko mmoja wa unga.

Sasa tutoke Ithaca, tuje kwa fiwi. Katika kisiwa cha Mauritius fiwi zilipandwa ili kurutubisha mashamba ya miwa, lakini mbegu zake nyingine zilijulikana kuwa ni za hatari kwa watu na wanyama. Mbegu hizo zilipelekwa London, na mwaka 1903 Wyndham Dunstan na Thomas Henry walieleza siri yake. Ndani ya mbegu mna kitu chenye sukari ambacho kimeshikana na sianidi, sumu kali iuayo upesi. Kikiwa kizima hakidhuru mbegu yenyewe. Mahali pengine katika mbegu hiyo hiyo mnakaa kimeng'enya. Viwili hivyo havikutani maadamu mbegu ni nzima. Lakini mdudu akiitafuna, au mama akiitwanga na kuitia maji, kuta huvunjika, ufunguo hufika katika kufuli, na sianidi hutoka kama hewa. Mwaka 1906 wataalamu hao walitangaza kwamba kitu kile kile cha fiwi kimo katika muhogo. Leo chaitwa linamarini, na kimeng'enya chake linamarasi. Basi fiwi na muhogo, ambazo si jamii moja hata kidogo, zina sumu moja.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo wapishi wengi hawalijui, na ambalo twaomba lisomwe polepole. Mtu hudhani ya kwamba moto huondoa kila ubaya. Kwa lektini ya maharage mekundu ni kweli. Kwa fiwi chungu na muhogo mchungu mambo ni kinyume. Moto ukija mapema, kabla muhogo haujalowekwa wala kusagwa, ufunguo huharibika lakini kufuli hubaki. Linamarini huvumilia moto kuliko kimeng'enya chake. Chakula huonekana kimeiva, nacho kina sumu iliyofungwa, na baadhi yake hufunguliwa ndani ya matumbo ya mlaji na bakteria waliomo. Ndiyo sababu wazee wa mwambao, kule Kirando na Kasanga ambako muhogo ni chakula kikuu, huupa muhogo mchungu muda wake kabla ya kuutia motoni. Siku zile za kungoja si uvivu. Ndizo siku ambazo kimeng'enya hufanya kazi.

Kungoja kukifupishwa hutokea nini? Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa uliokuwa katika wilaya ya Kwango, nchi ya Kongo. Mtu hulala mzima. Anapoamka, au baada ya kutembea mwendo mrefu, miguu yake imekakamaa, magoti hayatii, na hali hiyo haiondoki maisha yake yote. Huwashika zaidi watoto na wanawake. Watu wa huko waliuita konzo. Katika lugha ya Wayaka jina hilo maana yake miguu iliyofungwa, tena ni jina la uganga uliotumiwa kuyalegeza magoti ya mnyama wa kuwindwa. Wasomaji wataona mara moja jinsi mawazo ya watu yalivyokwenda. Mtoto aliyecheza jana leo hawezi kusimama, na nyumba ya jirani hakuna aliyeguswa. Nani amemfunga?

Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulifika kwetu Tanzania, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, na wagonjwa 39 waliandikwa. Daktari William Howlett, pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Hans Rosling wa Sweden na wenzao, walikwenda nyumba kwa nyumba. Waliyoyaona hayakuwa ya ajabu. Mvua zilikuwa zimekosa. Muhogo mchungu ndio uliosimama shambani. Njaa ilikuwa nyumbani, na maandalizi yalifupishwa. Tena kitoweo kilikuwa haba. Neno hili la kitoweo ni kubwa, kwa kuwa mwili wa mtu una kimeng'enya chake cha kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na nguvu, lakini kazi hiyo yahitaji salfa, na salfa hupatikana katika protini: samaki, nyama, maziwa, na kwa kiasi chake maharage. Penye muhogo mtupu ufunguo wa mwili hukosa mkono wa kuuzungusha.

Tunapoyaandika haya hatumcheki mtu aliyetafuta mchawi. Yeye aliona kilema bila sababu, na moyo wa mzazi hautulii bila sababu. Kilichokosekana kilikuwa shahidi. Mwaka 1906 Mfaransa Léon Guignard alikuwa amechovya karatasi katika dawa ya pikrati, ikawa ya manjano, akaiweka pamoja na fiwi zilizosagwa katika chombo kilichofunikwa. Sianidi ilipotoka, karatasi ikageuka nyekundu. Katika miaka ya 1990 Howard Bradbury wa Australia na wenzake walikifanya kipimo hicho kiweze kuchukuliwa mpaka kijijini. Lakini palihitajiwa kitu kimoja zaidi. Unga mkavu waweza kuwa na linamarini nyingi na kimeng'enya kidogo, nao ukakaa kimya mbele ya karatasi. Kwa hiyo linamarasi iliyotolewa katika mmea hutiwa kwanza, ili kila kufuli lililomo katika unga lifunguliwe. Chupa hufunikwa usiku kucha, na asubuhi rangi ya karatasi hulinganishwa na rangi zilizochapwa. Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya la Dunia wameweka mpaka wa milligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga wa muhogo. Karatasi haimjui mwenye unga, haiulizi ukoo wake, wala haina ugomvi wa mipaka ya shamba. Mwavi ulihukumu mtu. Karatasi hii huhukumu unga.

Bradbury alifanya na jambo la pili lililo rahisi hata mtu aweza kulidharau. Unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, hutandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimeta moja, nao huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha ugali hupikwa siku ile ile. Kimeng'enya kilichosalia katika unga hupata maji, hufungua, na sumu hupaa. Njia hiyo ilitumiwa vijijini huko Kwango tangu mwaka 2010, na katika kusini ya Tanzania, mkoa wa Mtwara, ambako konzo ilikuwa imerudi, Mlingi na wenzake walitoa taarifa yake mwaka 2011. Maji, mkeka na jua, basi.

Tuirudie sasa ureasi ya Sumner, kwa maana nayo ilipata kazi ya ushahidi. Soya ililetwa katika nchi hii na Wajerumani, ikapandwa Amani mwaka 1907, na siku hizi unga wake huchanganywa na mahindi na ulezi katika uji wa watoto, hata hapa Sumbawanga. Soya ina protini nyingi kuliko maharage yetu, lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha matumbo kisivunje protini. Mwaka 1917 Osborne na Mendel, huko Marekani, waliona kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakui, na wale waliolishwa iliyopikwa hukua vizuri. Mtoto wa mtu naye, akipewa uji wenye soya isiyoiva, hushiba na kudhoofika pamoja. Na mama hutafuta sababu mahali pengine.

Sasa kizuizi hicho hakionekani kwa macho, na kukipima ni kazi ngumu. Lakini ureasi ya soya huharibiwa na moto kwa kadiri ile ile inayokiharibu kizuizi. Basi tangu mwaka 1944 wenye viwanda vya soya wameitumia kama mlinzi wa lango: ureasi ikiwa bado hai, unga haujaiva, ikiwa imekufa, unga wafaa. Twaona uzuri katika hila hiyo. Hawaitafuti sumu yenyewe, wanamwuliza jirani yake kama moto ulifika.

Je, vimeng'enya vya mikunde havifanyi kazi nyingine ila kushuhudia? Vyaweza kufanya, ingawa hapa wataalamu wamekwenda mbele kuliko viwanda. Mwaka 2002 ilitangazwa Sweden kwamba viazi na vyakula vya unga vikikaangwa au kuokwa katika joto la kupita digrii 120, hutokea ndani yake kitu kiitwacho akrilamidi, ambacho kwa wanyama wa maabara huleta saratani. Mwaka ule ule ilijulikana kwamba hutokana na sukari inapokutana motoni na asparajini, moja ya viungo vya protini. Kimeng'enya kiitwacho asparajinasi huivunja asparajini kabla ya moto. Mbegu changa za lupini na njegere zinacho, kwa kuwa mimea hiyo husafirisha naitrojeni yake kwa njia ya asparajini, nayo mbegu lazima ifungue mzigo unapofika. Watafiti wamekitoa katika mbegu za mikunde na kukijaribu, lakini kile kinachouzwa kwa wenye viwanda hutoka kwa kuvu, kwa kuwa kuvu hukua katika pipa kwa siku chache na gharama yake ni ndogo. Muuza chipsi wa Sumbawanga hana haja ya kungojea mabishano hayo: aloweke viazi vilivyokatwa katika maji kwa muda, ayamwage maji, na asiviache mpaka viwe vya kahawia nyeusi.

Nasi walimu tumekuwa tukifikiri juu ya jambo la kuwaonyesha wanafunzi, pasipo maabara wala fedha. Urea ya mbolea haikosekani katika ghala ya mkulima wa uwanda huu. Twaa chupa mbili safi zenye vifuniko. Katika kila moja tia maji nusu, na kijiko kimoja cha urea. Katika ya kwanza tia kijiko cha unga wa soya mbichi. Katika ya pili tia unga wa soya iliyochemshwa sana, ikaanikwa, ikasagwa. Ongeza matone machache ya maji mekundu ya choya katika zote mbili, zitikise, zifunge, uziweke mahali pa joto kwa saa moja au mbili. Asionje mtu, na baadaye vyote vimwagwe shambani. Chupa ya pili hubaki na wekundu wake. Katika ya kwanza, wekundu wa choya hupotea na kugeuka wa kibuluu au wa kijani, na ukifungua kifuniko, harufu ya zizi hukupiga puani.